Sauti za Kuazima

Kulia si kazi kubwa. Aliyekulia mwambao huu, akazoea matanga na hitima, ana machozi ya kutosha hata ya kumlilia asiyemjua. Kigumu ni kucheka. Mpe mtu kicheko cha mwanamke wa Beijing anayemstahi mumewe mbele ya mama mkwe, kicheko cha nusu, cha puani, kinachotangulia neno na kukatwa na neno lenyewe. Mwambie akicheke yeye, kwa Kiswahili, ndani ya chumba chenye joto, bila mtu wa kumchekesha. Hapo utamjua fundi, na utamjua msomaji wa karatasi.

Kazi hii ya kutia sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za kigeni nilianza kuisikiliza kwa makini kwa sababu ya Doudou. Watanzania ndio watakaomkumbuka upesi zaidi, maana TBC ilianza kuonyesha “Doudou na Mama Wakwe Zake” mwaka 2011. Ni tamthilia ya mapenzi na vituko vya nyumbani, vipindi 36, iliyotoka China mwaka 2010. Doudou, anayeigizwa na Hai Qing, ni muuguzi. Mumewe Yu Wei, anayeigizwa na Huang Haibo, ni mpiga picha. Wazazi wa Yu Wei wameachana na baba ameoa tena, kwa hiyo bibi harusi anaingia ukweni na kuwakuta mavyaa wawili wasiopikika chungu kimoja. Kiswahili kilitiwa na Redio China Kimataifa, ambayo imekuwa ikisema nasi kwa lugha hii tangu 1961. Machi 2013 Rais Xi Jinping, akihutubia Dar es Salaam, aliitaja tamthilia hiyo jukwaani. Sidhani kama kuna mkazamwana mwingine wa kwenye televisheni aliyewahi kupewa heshima hiyo.

Uzuri wake ni kwamba hakuna mwovu. Hakuna sumu ndani ya glasi, hakuna pacha aliyepotea, hakuna mtoto aliyebadilishwa hospitalini, kama katika zile telenovela za Kimeksiko tulizolishwa miaka nenda miaka rudi, tena kwa Kiingereza. Ugomvi wa Doudou ni wa nyumba ya kukaa, wa pesa, wa nani kaalikwa na nani kasahauliwa, na wa mume aliyebanwa katikati asijue ageukie wapi. Kwetu Malindi mtu hakuhitaji kuelezwa. Ukweni ni ukweni. Doudou husema lake palepale, kisha hulilainisha kabla uso wa mkwewe haujakunjamana. Upesi huo ndio unaoubeba mchezo wote. Ukichelewa kitambo kidogo tu, kichekesho kinageuka utovu wa adabu. Na upesi huo, kwa mtazamaji asiyejua Kichina, hauko usoni mwa Hai Qing peke yake. Nusu yake iko kooni mwa mwanamke mwingine tusiyemwona.

Huyo tusiyemwona ana shida zake. Kichina ni lugha ya maneno mafupi. Mtu hutamka silabi tatu nne akawa amemaliza, midomo imefungwa, anangoja jibu. Sisi “hatujaelewana” peke yake ni silabi saba. Lazima upunguze, na upunguze bila sentensi kusikika kama simu ya upepo. Kuna midomo pia: pale mwigizaji anapoikutanisha, sikio linataka m au b au p, na fundi mzuri atalitafuta neno la namna hiyo hata kama mtafsiri kaandika jingine. Haya yote yafanyike bila mtazamaji kuyashtukia. Akiyashtukia, kazi imeharibika.

Watu wa pwani hatukuanza jana kupachika kitu cha mgeni mahali petu kikakaa. Nenda Mambrui ukaangalie lile kaburi la mnara: bakuli za Kichina zimezamishwa kwenye chokaa kana kwamba zilifinyangwa kwa ajili yake. (Kila ushirikiano na China unapozungumzwa hufufuliwa yule twiga wa Malindi aliyepelekwa kwa mfalme wao karne ya 15, na sasa pia sarafu ya Yongle iliyochimbuliwa karibu na Mambrui mwaka 2010. Bakuli hazitajwi sana. Mimi naona bakuli ndizo zenye habari.) Marehemu mwimbaji Juma Bhalo alifanya kazi ya ukoo huohuo kwa sauti. Alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi, akayatilia mashairi ya Kiswahili, na watu wakayaimba harusini bila kuuliza wimbo ulizaliwa wapi. Mizani haikuyumba na vina havikuvunjika. Nani leo angevumilia kazi ya subira namna hiyo?

Wapo pia wasimulizi wa vibanda vya video, wa aina ya Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa hapa Kenya, ambao husimama kando ya filamu na kuisimulia, wakimtukana adui na kumwonya shujaa asiingie mlango ule. Nimecheka nao mpaka mbavu zikauma. Lakini msimulizi anajionyesha. Ukienda kwake umemwendea yeye. Mtia sauti anajificha.

Nimewahi kukaa na dada mmoja wa Barani, Malindi, aliyeitwa kwenda Nairobi kwa muda akawatilia sauti majirani na wauza duka katika tamthilia za Kichina. Nilimwomba anionyeshe. Tulikuwa barazani kwao, simu imeegemezwa kwenye birika. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuvua bangili, ingawa maikrofoni haikuwapo. Mkono umeshazoea kwamba bangili hulia. Chai ya maziwa aliikataa, akasema huacha utelezi kooni, akanywa maji.

Kwenye kioo, mke kijana anafungua mlango na kumkuta mama mkwe amesimama na begi lake. Anatamka silabi chache, basi. Dada huyo aliyakumbuka maandishi aliyopewa zamani kwa tukio la namna hiyo: “Mama, umekuja bila kutuarifu.” Akayasema. Yalikuwa marefu, yakamwagika nje ya kinywa cha mwigizaji, na tena yalikuwa na lawama. Kwetu mkazamwana hamwambii mavyaa maneno hayo akiwa bado mlangoni. Akarudisha picha nyuma. Safari hii alisema “Mama!” kisha akavuta pumzi na kuimeza, kisha “Karibu.” Ndani ya pumzi ile iliyomezwa mlikuwa na vyombo visivyooshwa, kitanda kisichotandikwa, mume asiyepokea simu, na adabu iliyofika sekunde moja baada ya hofu. Mdogo wake aliyekuwa akichambua mchele aliinua kichwa na kucheka. Nikamuuliza kama pumzi ile ilikuwamo kwenye karatasi. Akasema kwenye karatasi hamna pumzi, kuna nukta tu.

Nimeisifu tamthilia, na sitaificha kasoro yake. Vipindi 36 ni vingi kwa kisa kile. Mara ngapi watu wazima wenye akili wanakasirikiana kwa jambo ambalo sentensi moja ingelimaliza? Wanaizunguka, wanaiacha, wanairudia kipindi kingine. Jingine ni zito zaidi. Amani ya familia nzima imewekwa kichwani mwa Doudou. Yeye ndiye anayemeza, anayerudi kuomba radhi, anayewapatanisha watu waliogombana kabla hajawajua. Yu Wei ni mtu mwema, lakini mara nyingi wema wake husubiri mkewe amalize kazi. Mavyaa niliowajua mimi waliipenda tamthilia kwa sababu hiyohiyo, na wakiwaita wake wa wana wao waje waketi watazame. Wake wa wana wao walitazama. Walichokuwa wakicheka wao sikuwa na hakika ni kilekile.

Hata Kiswahili chenyewe, kwenye kazi nyingi za namna hii, kina ugonjwa wake. Ni Kiswahili cha taarifa ya habari. Mtoto wa darasa la tatu na daktari bingwa wanazungumza sarufi moja. Hamna “ati”, hamna “kwani”, hamna “kumbe” ya mtu aliyegundua jambo huku mkono uko ndani ya unga. Watafsiri waliogopa kuchafua lugha, nadhani, wakaiosha mpaka ikapoteza ladha. Hata hivyo, kwa ugonjwa huo wote, palikuwa na watu kwenye vile vyumba vya kurekodia. Ulisikia mtu amechoka, ulisikia mtu ana mafua, ulisikia wawili wanaopendana kwa kuigiza wakipokezana maneno huku, bila shaka, kila mmoja ameyarekodi kwa siku yake. Kilikuwa kiini macho, lakini kilifanywa na watu.

Sasa tamthilia za mapenzi za Kichina zinatujia kwenye simu, vipande vya dakika moja mbili, tajiri na msichana maskini, kofi, machozi, ndoa, kipande kinachofuata kilipie. Nyingi nilizoziona hivi karibuni zimetiwa sauti ya mashine. Bibi na mjukuu wanasema kwa koo moja. Mapenzi yanatamkwa kwa mwendo wa tangazo la stendi. Pale pa kucheka mashine hunyamaza, kicheko cha Kichina kikaachwa wazi, halafu Kiswahili kikaendelea kana kwamba hakuna aliyecheka. Wala usidhani watu wanalalamika. Nimeketi penye viazi karai, Majengo, simu imewekwa kati ya sahani, watu wanatazama, wanalamba rojo la ukwaju kwenye vidole, hakuna aliyegeuza shingo. Tumezoeshwa kwa upesi wa ajabu, sisi ambao babu zetu walikuwa wakimshusha mwimbaji jukwaani kwa kosa la kina kimoja.

Yule dada wa Barani haitwi tena. Walipokuwa wakimwita mara za mwisho, alisema, waliongeza idadi ya kurasa kwa siku na hawakuongeza malipo, na aliyekuwa akiwasimamia hakusikiliza tena, alitazama saa. Siku hizi husoma matangazo ya duka kwa kipaza sauti, siku za ofa.

Kipindi kimoja alichotia sauti kilionyeshwa nyumbani kwao wote wakiwa wamekusanyika. Yeye alikuwa jirani wa ghorofa ya tatu, mwenye umbea, maneno machache. Mamake alisikiliza, akapenda, akasema huyo ni msichana wa Tanga, anamjua kwa lafudhi. Wakangoja majina ya mwishoni yapite yamsute. Majina ya Kichina yalianza kupanda, na kabla hayajafika ya waliotia sauti, likaingia tangazo la kulipia king'amuzi. Mama mtu hadi leo hakubali.