Sikio Kabla ya Mkono

Anayetoboa katikati ya shabaha hupewa kikombe. Anayejua la kufanya bunduki inapogoma hapewi hata makofi. Kama kikombe kingekuwa changu kukitoa ningempa huyu wa pili, kwa sababu kulenga ni ufundi wa saa ambayo mambo yanakwenda sawa, ilhali wake huanza pale kifyatuo kinapobonyezwa na jibu lisije, au lije kwa sauti isiyo yake.

Majeshi hufundisha mkono. Kuruta wa Kimarekani aliyekabidhiwa bunduki ya M16 alikuwa akikaririshwa: gonga magazini kwa chini, vuta mkono wa kukokia, tazama kama kuna kilichotoka, achia, sukuma bolti ikae, fyatua. Alirudia mpaka viganja vikafanya bila kumuuliza. Vitani hilo ni uhai, adui hangoji mtu. Uwanjani, ambako anayengoja ni karatasi iliyobandikwa kwenye ubao, wepesi huohuo unaweza kuondoka na vidole vya mtu.

Chukua risasi iliyotoka kiwandani bila baruti. Fataki iliyo kitakoni mwake inalipuka peke yake, na nguvu yake inatosha kuking'oa kichwa cha risasi kwenye ganda na kukikwamisha ndani ya mtutu, basi. Mpigaji anasikia mlio mdogo, kama kizibo kinachochomolewa chupani, na bega halisukumwi. Kwenye bunduki inayojikoki yenyewe, gesi haikutosha kuirudisha bolti, kwa hiyo kwa macho bunduki imekwama tu kama inavyokwama siku zote. Mkono uliokariri unavuta, unaingiza risasi nyingine, unafyatua. Kichwa cha pili kinakikuta cha kwanza njiani, presha inapanda, na mtutu unavimba au unapasuka. Mkufunzi aliyeiva hakuona lolote kati ya haya. Amesikia, tena akiwa amevaa viziba masikio, na kabla mkono wa mpigaji haujafika kwenye koki ameshapaza sauti: acha! Magazini inachomolewa, bolti inafunguliwa, mdeki unapitishwa mtutuni kuona kama unatokea upande wa pili. Sikio hilo, linaloutambua mlio mmoja wenye upungufu katikati ya safu nzima inayofyatua, ndilo ninalolisifu hapa.

Kimya kabisa nacho kina kanuni yake. Fataki inaweza kuwa imegongwa vizuri ila ikachelewa kuwasha baruti. Kwa kawaida hiyo ni sehemu ya sekunde, lakini aliye nje hawezi kujua. Ndiyo maana mdomo wa bunduki huachwa ukielekea shabaha kwa sekunde 30 au zaidi. Ukiifungua mapema ikalipuka, ganda halina tena kuta za chuma za kulibana, na vipande huja usoni. Nusu dakika ni ndefu ajabu kwa mtu aliyelala kifudifudi huku wenzake wakimtazama. Tena mtutu ukiwa umechemka kwa kufyatua mfululizo, kungoja kwenyewe kunakuwa na hatari nyingine: joto la chemba linaweza kuiwasha risasi iliyobaki ndani. Kutambua uko katika hali ipi kati ya hizo mbili hakukaririshwi.

Hatari ikishapita huja uchunguzi, na hapo ganda ni shahidi mwaminifu kuliko mpigaji. Alama hafifu ya pini kwenye fataki inaonyesha springi iliyochoka, au uchafu unaoizuia bolti kufunga sawasawa. Ukingo ulioraruka unaonyesha kwamba ganda liling'ang'ania chemba huku likivutwa. Hili ndilo lililowatesa askari wa Marekani huko Vietnam mwaka 1966 na 1967. M16 zilibaki na maganda ndani, wengine wakawa wanayasukuma kwa mdeki kupitia mdomo wa mtutu, mapigano yakiendelea. Mikono yao haikuwa na kosa. Aina ya baruti ilikuwa imebadilishwa, bolti ikaenda kasi kupita kiasi na masizi yakaongezeka. Chemba haikuwa na kromi. Vifaa vya kusafishia vilikuwa haba, kwa kuwa bunduki ilisifiwa kwamba haitaki matunzo mengi. Kamati ya Bunge ikachunguza mwaka 1967. Chemba zikapakwa kromi, vifaa vikagawiwa, na jeshi likamtumia mchoraji wa katuni Will Eisner kutengeneza kijitabu cha matunzo ambacho askari angekubali kukisoma.

Vijana waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) la Tanzania wataniambia SMG yao, Kalashnikov, haina mambo hayo. Ni kweli kwa kiasi: ganda lake limechongoka kuelekea mbele, hivyo likianza kutoka linaachana na kuta mara moja. Hata hivyo haiwezi kuishinda magazini iliyopinda midomo. Mkufunzi anayejali huitia alama ya rangi magazini iliyokwama, ikikwama tena anaiondoa.

Yupo pia mkufunzi anayechanganya risasi bandia magazini bila mpigaji kujua zilipo. Kifyatuo kinabonyezwa, mlio hautoki, na mdomo wa bunduki unazama ghafla, kwa sababu mwili umejihami dhidi ya kishindo ambacho hakikuja. Zoezi la kukwama linaonyesha kwa nini mpigaji huyo amekuwa akipiga chini ya duara muda wote, huku akiilaumu bunduki.