Sahani Isiyotikiswa

Kano ya mbele ya goti ikikatika, daktari mpasuaji anaweza kuondoa mabaki yake na kupandikiza kano nyingine. Mabaki hayo, mgonjwa akiridhia, mtaalamu wa maabara huyapokea. Huyakata vipande vidogo kama punje za mchele, huviweka kwenye sahani ya plastiki pamoja na kimiminika chenye chakula cha seli, kisha huvifungia ndani ya kabati lenye joto la nyuzijoto 37. Hapo hungoja. Baada ya siku kadhaa, seli ndefu nyembamba huanza kutambaa kutoka ukingoni mwa kipande. Kimiminika cha waridi kikigeuka manjano, asidi imezidi, na seli zinadai chakula kipya, hata kama ni Jumapili.

Kisha sahani hutikiswa, ili kuona seli zinavyoitikia. Kutikisa sahani hakumshindi mtu. Kazi ni kujua umeitikisa kiasi gani. Mwaka 1985, Albert Banes na wenzake wa North Carolina, Marekani, walieleza kifaa chenye sahani za sakafu inayonepa: hewa ikifyonzwa kutoka chini, sakafu hubonyea, na seli zilizoing’ang’ania hutanuka nayo. Mtetemo ni mgumu zaidi. Ukitetemesha sahani mara 30 kwa sekunde, kimiminika nacho huchezacheza na kuzisugua seli. Sasa zimeitikia kipi, mtetemo au mawimbi? Ndiyo maana fundi makini huijaza sahani pomoni, hewa isibaki. Huandaa pia sahani ya pili: seli zilezile, chakula kilekile, kabati lilelile, ila haitikiswi. Kwangu mimi, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Bila sahani hiyo tulivu, ya kwanza haisemi lolote.

Kutikisa huko kuna sababu. Mwaka 1987, Savio Woo na wenzake walionyesha kwamba goti la sungura likifungwa wiki 9 bila kukunjwa, nguvu ya kano yake ya pembeni hushuka hadi karibu theluthi ya kawaida. Ndani ya kano, seli hushika nyuzi za kolajeni zinazozizunguka. Nyuzi zikivutwa, mvuto hupenya hadi kwenye kiini, na seli huamua kutengeneza kolajeni zaidi au la. Mvuto ukizidi, seli zinaweza kutoa vimeng’enya vinavyoimeng’enya kolajeni hiyohiyo.

Kwa hiyo fundi hubadilisha kitu kimoja tu kila mara: leo kasi, safari nyingine ukubwa wa mtikiso, kisha muda. Na kila mara huanza na seli mpya, na sahani mbili.