Mizabibu Iliyosukwa

Nilipofika Santorini, kisiwa cha Wagiriki katika bahari ya Aegean, mwezi wa Januari, niliyatafuta mashamba ya mizabibu kwa macho yaliyozoea kuiona ikitambaa juu ya nguzo na nyaya, nikayapita mawili matatu bila ya kutambua. Kwani kule mzabibu hulala juu ya mchanga umejikunja duara, na katika siku zile za baridi, usipokuwa na jani hata moja, mpita njia aweza kudhani kuwa ni kikapu kilichosahauliwa na wavunaji.

Mvinyo niliomiminiwa alasiri ile, ndani ya ghala la kale lililochongwa mwambani katika kijiji cha Megalochori, ulikuwa mweupe wenye kugusia umanjano, wa zabibu za namna moja tu ziitwazo Assyrtiko. Kwanza ulinishika ukali mfano wa ndimu iliyokamuliwa sasa hivi, kisha ukaja ukavu wa jiwe lililoshinda juani, na ulipokwisha kupita kooni ikabaki chumvi midomoni, kama ya mtu aliyetoka kuogelea akayaacha maji yamkaukie usoni. Waliniandalia na pweza wa kuchoma. Nami, niliyelelewa pwani, sikuona haja ya kuulizia ndimu.

Nilipomwuliza mzee mwenye ghala asili ya ladha ile, aliyaacha mapipa yake akanitoa nje shambani.

Yapata miaka 3,600 iliyopita volkano ya kisiwa hicho ililipuka, na nchi iliyosalia ikafunikwa kwa jivu na mawe mepesi yenye matundu. Udongo wa mfinyanzi karibu haumo, na kwa sababu hiyo filoksera, mdudu aliyetoka Marekani akaiangamiza mizabibu ya Ulaya katika karne ya 19, hakupata makao huko. Hata leo mizabibu yao yasimama juu ya mizizi yake yenyewe, ilhali ya Ufaransa aghalabu imeunganishwa na mashina ya Kimarekani. Kiangazi chote mvua karibu hainyeshi, na mmea huishi kwa ukungu wa bahari ambao mawe yale huunywa usiku na kuuhifadhi. Juu ya hayo kuna meltemi, upepo wa kaskazini usio na ukarimu wa kaskazi yetu iletayo majahazi: huvuma kiangazi ukirusha mchanga, na ungeviangusha vichala vingali vichanga.

Hapo ndipo fundi anapostahiki sifa. Kila mwaka, siku za baridi, hupiga magoti mbele ya kila shina, mkasi mkononi, akachagua tawi la kubakiza na la kukata, kisha yale aliyoyabakiza akayapinda na kuyafuma katika ya mwaka uliopita, duara juu ya duara, mpaka kiinuke kikapu wanachokiita kouloura, ambacho ndani yake zabibu zitakua zimejisitiri na upepo na jua. Nimewaona mabibi wa kwetu wakisuka ukili, nami naiheshimu saburi yao. Lakini mwaa umekwisha kukatwa, na msukaji akikosea hufumua akaanza tena. Fundi huyu asuka kitu kilicho hai, na tawi likivunjika, zabibu zake zimekwenda nalo. Kisha, kikapu kikizeeka, baada ya miaka kama 70 au 80, hukatwa chote, mzizi ukachipua upya. Na yule anayekianza kikapu kipya, akiwa mtu mzima, aghalabu hatakuwapo siku ya kukatwa kwake.

Mzee yule alinipa tawi moja nilipinde. Nililishika kwa hofu, nikalipinda kidogo, nikalisikia likilia ndani ya gome, nikaliachia. Akalichukua pasi na kusema neno, akalizungusha polepole baina ya vidole vyake, akalipitisha chini ya tawi la mwaka jana, likatulia. Kisha akasogea kwa magoti kwenye shina la pili.