Mswada wa filamu unapongoja kamera, nani msomaji wake?

Neno ‘mswada’ limetoka Kiarabuni, na mzizi wake unahusu weusi. Ni karatasi iliyotiwa wino, ikaandikwa na kufutwa, nayo bado haijanakiliwa safi. Katika Kiswahili cha leo neno hilo lina kazi tele. Mwandishi wa riwaya hupeleka mswada kwa mchapishaji. Mbunge huwasilisha mswada Bungeni, ukasomwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu hadi uwe sheria au uanguke. Na vijana wetu wanaoandikia filamu nao wana miswada yao, ingawa wenyewe hupenda kusema ‘skripti’.

Mswada wa Bunge una ratiba. Wa riwaya, hata ukikataliwa na kila mchapishaji wa Nairobi, mwenyewe anaweza kuupiga chapa kwa pesa zake na kuuza nakala mkononi. Huu wa filamu hauna ratiba wala njia ya pili. Unangoja kamera. Kamera isipokuja, basi, ni kana kwamba hakuna aliyeandika kitu.

Nimefundisha fasihi ya Kiswahili kwa zaidi ya miongo mitatu na sijasimamia tasnifu hata moja iliyohakiki mswada wa filamu ambayo haijarekodiwa. Wanafunzi huhakiki filamu, tena kwa bidii. Lakini maandishi yanayongoja hayana mhakiki. Nadhani tunapoteza kitu hapo, kwa sababu kule kungoja huyatenda maandishi jambo, na kutenda huko ni suala la kihakiki kama lilivyo suala la mtindo au maudhui.

Chukua mfano wa Mmarekani David Webb Peoples. Mwaka 1976 aliandika mswada wa filamu ya kauboi kuhusu William Munny, muuaji wa zamani aliyeacha pombe na bunduki kwa ajili ya mkewe. Sasa mke amekufa, Munny ni mgane anayelea watoto wawili na kufuga nguruwe wagonjwa. Anapata habari kwamba katika mji wa Big Whiskey kuna dola 1,000 za atakayewaua wachunga ng’ombe wawili baada ya mwanamke mmoja wa danguro kukatwakatwa uso. Anapanda farasi aende. Yaani anajaribu kupanda, maana farasi anamkataa na kumbwaga matopeni.

Mswada huo ulikaa kwa muda mikononi mwa Francis Ford Coppola, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukanunuliwa na Clint Eastwood. Eastwood akauweka. Filamu yenyewe, Unforgiven, ilitoka Agosti 1992. Kutoka kalamu hadi skrini ni miaka 16. Mtoto aliyezaliwa mswada ukiandikwa alikuwa sekondari filamu ilipotoka.

Kwa nini auweke muda wote huo? Eastwood alieleza kwamba alitaka kwanza aufikie umri wa Munny. Alizaliwa 1930, kwa hivyo filamu ilipotoka alikuwa na miaka 62, umri ambao mimi naujua vizuri na goti langu la kushoto linaujua zaidi. Kuna onyesho ambapo Munny anajaribu kulenga mkebe kwa bastola. Anakosa. Anakosa tena. Mwishowe anaingia ndani ya nyumba bila neno, anatoka na bunduki kubwa, na mkebe unaruka. Mwigizaji wa miaka hamsini angelazimika kuigiza uzee huo. Huyu hakuwa na la kuigiza.

Mwishoni mwa filamu kuna maneno machache ya kuitabaruku kwa Sergio na Don, yaani Sergio Leone na Don Siegel, waelekezi wawili waliomfunza Eastwood kazi. Leone alifariki 1989, Siegel 1991. Mswada ungerekodiwa mara tu uliponunuliwa, wote wawili wangekuwa hai na tabaruku hiyo isingekuwepo. Muda uliandika ukurasa ambao Peoples asingeweza kuuandika.

Na hata hivyo maandishi hayakuguswa sana. Eastwood amesimulia kuwa alijaribu kuyarekebisha, akaona kadiri anavyorekebisha ndivyo anavyoharibu, akayarudia ya awali. Nafurahia hasa mhusika mmoja, Beauchamp, mwandishi wa vijitabu vya bei rahisi anayewafuata wauaji akiandika sifa zao. Anahama kutoka kwa muuaji mmoja hadi mwingine kadiri mizani ya nguvu inavyobadilika, na mwishoni, maiti zimelala sakafuni, anauliza nani alipigwa risasi kwanza. Anataka mpangilio wa matukio! Peoples alijicheka yeye na kazi yake, kisha akangoja miaka 16 kicheko hicho kisikike.

Filamu ilipata Oscar nne, ikiwemo ya filamu bora na ya mwelekezi bora. Peoples aliteuliwa, hakushinda. Mtu atasema subira huvuta heri. Haya, lakini Waswahili hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na tofauti ya methali hizi mbili, kwa jinsi ninavyoona, iko mfukoni. Mswada wa Peoples ulikuwa umenunuliwa. Katikati ya kungoja aliandika pamoja na Hampton Fancher filamu ya Blade Runner, iliyotoka 1982. Subira ya aliyelipwa na anayeendelea kuitwa kazini si subira ya aliyeambiwa tu, “Tutakupigia.”

Turudi Afrika, kwa Ousmane Sembène wa Senegal, mwandishi wa riwaya aliyegeukia kamera kwa kuwa wengi aliotaka kusema nao hawakusoma Kifaransa. Filamu yake Mandabi (1968), iliyotokana na kazi yake mwenyewe Le Mandat, ilirekodiwa mara mbili, kwa Kiwolofu na kwa Kifaransa, kwani pesa za Ufaransa zilikuja na sharti la lugha ya Ufaransa. Kwa miaka mingi Sembène aliuandaa mswada wa filamu kuhusu Samori Touré, aliyepigana na Wafaransa hadi alipokamatwa 1898 na kufia uhamishoni Gabon mwaka 1900. Filamu kama hiyo yadai majeshi, farasi, miji ya kujengwa na kuchomwa. Pesa hazikutosha. Sembène aliaga dunia Juni 2007, na Samori hakurekodiwa.

Tazama sasa. Riwaya za Sembène ziko rafuni. Ukitaka kujua aliwaonaje wafanyakazi wa reli, unakichukua kitabu. Ukitaka kujua alimwonaje Samori, hakuna duka la vitabu Nairobi wala Mombasa la kukusaidia.

Wenzangu chuoni huniambia kwamba mswada wa filamu ni kama ramani ya nyumba, na hakuna anayelala kwenye ramani. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama tungeitumia kwa haki. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilichapishwa 1969. Ni wangapi kati ya waliosoma tamthilia hiyo waliwahi kuiona jukwaani? Maelfu ya watahiniwa wetu wamechambua Kigogo na sasa Bembea ya Maisha wakiwa wameketi madawatini, jukwaa lao likiwa kichwani. Nazo zina maelekezo ya jukwaa, mwangaza, kuingia na kutoka. Ni ramani pia, ila tumekubali kulala humo. Tamthilia ilipewa makao mawili, kitabu na jukwaa. Mswada wa filamu tumeunyima moja, halafu tunashangaa unakufa baridi.

Riwaya nayo husubiri filamu kwa starehe. Vuta N’kuvute ya Adam Shafi ilichapishwa 1999, na filamu ya Amil Shivji ikaonyeshwa mara ya kwanza 2021. Katika miaka hiyo 22 Yasmin na Denge walisomwa, wakafundishwa, wakabishaniwa. Hawakuwa wakingoja chochote.

Hapa kwetu kuna kioja kingine. Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura 222, anayeomba leseni ya kurekodi filamu hutakiwa kuwasilisha maandishi yake kwanza. Kwa hivyo msomaji pekee wa hakika wa mswada wa filamu Kenya ni afisa wa leseni. Sina neno na afisa huyo; huenda ndiye aliyesoma fasihi mpya ya Kiswahili kuliko sisi maprofesa.

Sisemi kila mswada ni johari. Mingi niliyosomeshwa na vijana ni dhaifu, wahusika wakielezana mambo ambayo wote wawili wanayajua, eti ili mtazamaji asipotee. Ila ule ulio bora ndio unaoumizwa zaidi na kungoja, hasa ukiwa wa maisha ya leo. Wauaji wa Peoples waliishi karne ya 19. Miaka 16 haikuwazeesha. Jaribu kuweka kabatini miaka 16 mswada wa Nairobi ulioandikwa kwa Sheng. Kijana aliyeita matatu maridadi ‘manyanga’ atasikika kama babu kwa wanaosema ‘nganya’. Ukiutoa lazima uuandike upya, na ukiuandika upya si ule tena.

Mwanafunzi wangu wa zamani, mzaliwa wa Likoni, amenipa mswada wake niusome. Ni wa msichana anayekwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani, na mama anayemsindikiza hadi kwenye feri. Katika onyesho ninalolipenda, binti anamfundisha mama kutuma ujumbe wa sauti kwa simu. Mama anabonyeza, anapumua, anaachilia. Hakusema kitu. Kisha king’ora cha feri kinalia, na mama anauliza kwa Kimvita, “Ndo wenda, basi?” Binti anajibu, “Nenda, mama.”

Msomaji wa safu hii ameona tayari. ‘Nenda’ hapo ni ‘ninakwenda’, kama tunavyosema ‘nenda zangu’. Lakini ni amri pia: nenda nyumbani, mama, usisimame hapa ukanitazama. Binti anaaga na kufukuza kwa neno moja, na mama ana hiari ya kusikia lile analoliweza.

Kampuni iliyouchukua mswada huo ilimtaka kwanza autafsiri kwa Kiingereza wafadhili wausome. Wafadhili wakatoa maoni, Kiingereza kikarekebishwa. Mwaka wa pili kampuni ikamwajiri mtu mwingine akirudishe kwa Kiswahili. Mama sasa anauliza, “Kwa hivyo umeamua kuondoka?” Binti anajibu, “Ninaondoka, mama.” Sarufi haina kasoro. Onyesho limekufa.

Yote hayo yametendeka bila kamera kuwashwa hata siku moja. Mkataba unaipa kampuni haki ya kuushikilia mswada miaka mitatu, na miaka hiyo inakwisha Novemba. Nimemshauri asitie sahihi tena bila malipo ya kungoja na bila kipengele kinachomruhusu kuchapisha maandishi yake kama kitabu. Mchapishaji mmoja niliyezungumza naye aliniuliza swali moja tu, kama kitawekwa kwenye orodha ya vitabu vya shule. Nilimwambia asome kwanza kurasa za feri.

Nakala ya kwanza, ile yenye “Nenda, mama,” haiko kwenye faili za kampuni. Mwandishi anayo nyumbani kwao Likoni, kwa mkono wake, kwenye daftari la mistari.