Kiki Kwenye W800: Mguu Unachukua Kazi ya Nani?

Kawasaki W650 ilipotoka mwaka 1999 ilikuwa na njia mbili za kuwashwa: stata ya umeme, na kiki upande wa kulia. Mrithi wake, W800, alipofika mwaka 2011, alibakiza karibu kila kinachomvutia mpenda pikipiki za kizamani: silinda mbili zilizosimama wima, na ile shafti inayopanda ubavuni mwa injini kwenda kuzungusha kamshafti. Kabureta zikaondoka, injekta zikaingia, na kiki ikaachwa. Tangu hapo wako wanaoirudisha kwa kutumia vipuri vya W650, na sababu inayotolewa mara nyingi ni kwamba kiki huokoa mtu betri inapokufa. Naiunga mkono kazi hiyo, lakini sababu hiyo si sahihi. Kwenye pikipiki ya injekta kama hii, mguu unachukua kazi ya mota ya stata peke yake. Kazi ya betri inabaki kwa betri.

Tuanze na chuma. W800 ina sentimita za ujazo 773 na W650 ina 675, lakini tofauti yote imetoka kwenye upana wa silinda, uliokua kutoka milimita 72 hadi 77. Mwendo wa pistoni ni uleule, milimita 83. Huo ni undugu wa damu, na ndio unaoleta matumaini kwamba vipuri vitakubaliana. Hata hivyo kununua pedali si kununua kiki. Inahitajika shafti ya kiki, springi ya kuirudisha, gia yenye meno yanayoshika upande mmoja na kuachia upande wa pili, na kifuniko cha kulia chenye tundu na sili ya kuzuia oili. Na gia hiyo lazima ipate mwenzake wa kumzungusha ndani ya injini, ambaye kwa kawaida hukaa nyuma ya kikombe cha klachi. Kwa hiyo fundi makini hufungua kifuniko kwanza na kutazama: je, kikombe kilichomo kina meno ya kiki? Je, kuna kitako cha kubeba ncha ya shafti, na pa kushikia mkia wa springi? Panapokosekana kikombe chenye meno, kinaletwa kingine. Panapokosekana kitako, ningeshauri kazi isimame. Tundu lililotobolewa kwa kukisia likienda pembeni kidogo tu, gia zitasagana, na unga wa chuma utaingia kwenye oili ileile inayolainisha injini nzima.

Je, mguu utaweza? Wengi wakisikia 773 hukata tamaa, na hapo wanakosea hesabu. Yamaha SR400, inayowashwa kwa kiki tu, ina silinda moja ya sentimita za ujazo 399 na mgandamizo wa 8.5 kwa 1. W800 ina 8.4 kwa 1, na kila silinda yake ni kama 386. Pistoni zake hupanda na kushuka pamoja, lakini zikifika juu ni moja tu iliyobana hewa, maana mwenzake anamalizia kutoa moshi. Kwa hiyo kila mgandamizo unaokutana na mguu ni mdogo kidogo kuliko ule wa SR400. Ugumu uko kwingine: kwenye silinda moja mgandamizo huja mara moja kwa kila mizunguko miwili, na katikati injini hupata mwendo, ilhali kwenye W800 huja kila mzunguko. Tena SR400 ina wenzo wa kupunguza mgandamizo na kidirisha cha kumwonyesha mpigaji pistoni ilipofika. Atakayepiga kiki kwenye W800 atalazimika kuihisi nafasi hiyo kwa unyayo, taratibu, kabla ya kushindilia.

Sasa umeme, ambako ndiko penye uzito wa jambo. W650 ilishusha petroli kwenye kabureta kwa mteremko tu. Betri yake ikiwa dhaifu bado ilikuwa na cha kutumaini. W800 inahitaji pampu ijaze presha, kompyuta iamke na kusoma mzunguko wa injini, injekta zifunguke, na koili zitoe cheche. Betri iliyokufa kabisa haifanyi hata moja kati ya hayo, na mtu anaweza kupiga kiki mpaka goti liume. Lakini mara nyingi betri haifi ghafla. Stata humeza ampea nyingi mno kuliko pampu na kompyuta zikijumlishwa, na betri ikiwa dhaifu, inapozunguka huvuta volti chini hadi kompyuta inaweza kuzimika wakati uleule inapohitajika. Kuna kipindi, basi, ambapo betri haina nguvu ya kuzungusha stata ila inatosha kabisa kulisha injekta. Asubuhi ya baridi na betri iliyozeeka, au mota ya stata yenyewe ikiharibika, kiki ina kazi halali, wala si pambo. SR400 iliyopelekwa Ulaya na Marekani kuanzia 2014, yenye injekta na isiyo na stata, inathibitisha kwamba mguu na kompyuta vinaweza kuelewana.

Atatokea wa kusema: si uisukume tu, uingize gia na kuachia klachi? Ni kweli, kusukuma hufanya kazi ileile bila gharama. Lakini W800 ina uzito unaozidi kilo 210. Kuisukuma peke yako kwenye tope au mahali pa kupanda si sawa na kusukuma Boxer ya bodaboda, ambayo hata hivyo ina kiki yake.

Pingamizi la usalama ndilo ninaloliheshimu zaidi. Stata ya umeme ina ulinzi: swichi za klachi na gia huizuia kuzunguka pikipiki ikiwa kwenye gia na klachi imeshika. Kiki haiulizi swichi. Ukiipiga pikipiki ikiwa kwenye gia na klachi imeshika, inaruka mbele na wewe umesimama kwa mguu mmoja. Kwa hiyo taa ya nyutro ikaguliwe kabla ya kazi kukabidhiwa, na kwa kuwa betri dhaifu inaweza kuififisha, mwendeshaji azoee kuisogeza pikipiki mbele na nyuma kwa mkono kabla ya kukunjua pedali.