Jiji la Nani? Wasifu wa Bain na "Sovieti" ya Johannesburg

Mwishoni mwa Machi 1919, wafanyakazi Wazungu wa tramu na umeme wa Johannesburg waligoma, kisha wakafanya jambo ambalo wagomaji hawalifanyi kwa kawaida: wakaendesha wenyewe huduma za jiji. Bodi ya Udhibiti iliyoongozwa na James Thompson Bain, Mskoti aliyewahi kufukuzwa nchini mwaka 1914 pamoja na viongozi wenzake wanane wa wafanyakazi, ilishika hatamu kwa siku chache. Tukio hilo limeingia katika historia kwa jina la "sovieti".

Jonathan Hyslop, katika wasifu wake wa Bain uliotoka mwaka 2004, amemtoa mtu huyu katika usahaulifu. Wala hakuzifumbia macho mbari na himaya. Tayari mwaka 1999 alikuwa amejadili jinsi tabaka la wafanyakazi wa himaya ya Uingereza lilivyojijenga kuwa la "Wazungu". Hata hivyo, wasifu kama utanzu una mpaka wake: humwandama aliyeacha jina.

Nje ya mpaka huo wamo wabeba ndoo za kinyesi wa Johannesburg. Mei 1918 mafundi Wazungu wa umeme waligoma wakaongezewa mshahara. Juni, Waafrika hao walipofuata mfano huo, 152 kati yao walihukumiwa miezi miwili ya kazi ngumu, nayo kazi yenyewe ikawa ileile ya kubeba ndoo. Na siku zilezile Bodi ya Bain ilipokuwa ikitamba, Kongamano la Wenyeji la Transvaal lilianzisha kampeni ya kupinga pasi, ndugu ya kipande cha Kenya. Mamia walikamatwa. Mapambano mawili yalipita katika jiji moja, wiki moja, bila kushikana mikono.

Si kwamba mkono haukuweza kunyooshwa. Ligi ya Kimataifa ya Wasoshalisti, yenye wanachama Wazungu, ilikuwa imesaidia kuunda chama cha Wafanyakazi wa Viwandani wa Afrika mwaka 1917. Njia ilikuwepo, walio wengi hawakuipita.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe ndilo linalomgeuza mgeni kuwa mwenyeji. Johannesburg iliivunja kanuni hiyo: Mwafrika alipewa jembe siku ya kwanza, lakini akabaki mgeni. Tume ya Stallard ya mwaka 1922 ilitamka wazi kwamba aingie mjini kuwahudumia Wazungu na aondoke huduma hiyo inapokwisha. Sheria ya mwaka 1923 ikafuata mkondo huo.

Kwa hiyo simulizi ya Kiswahili ya "sovieti" hii haina budi kuanza mapema zaidi, Juni 1918, kwa wale 152. Hapo ndipo msomaji atakapoweza kupima ni sehemu gani ya jiji iliyotwaliwa mwaka 1919, na ni nani walioendelea kulibeba.