Kima cha Maji Chini ya Machimbo ya Bamburi

Machimbo ya Bamburi, kaskazini ya Mombasa, ambayo tangu mwaka 1954 yalikipa kiwanda cha saruji jiwe la matumbawe, yaliacha uwanda mweupe ulioshushwa hata ukabaki juu kidogo tu ya maji ya ardhini, nayo maji hayo yalikuwa na chumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alipojaribu kupanda humo miti ya aina 26, iliyostahimili ilikuwa ya aina tatu, mvinje na mnazi ikiwa miongoni mwayo. Aghalabu habari hii husimuliwa kuwa ni ya miti. Mimi naiona kuwa ni ya maji pia, kwa kuwa mzizi usiovumilia chumvi haukuwa na pa kukimbilia.

Pwani yetu maji baridi huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya nchi kavu, kwa sababu yale ya bahari yana uzito uliozidi kwa kadiri ya sehemu 25 katika 1000. Kwa hisabu waliyoieleza Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na mita 40 chini yake. Basi kima kikishuka sentimita 20 na kudumu hapo, mpaka wa chumvi hupanda hatimaye mita 8, na kisima cha jirani kikaharibika ilhali mwenyewe haoni upungufu wowote ndooni.

Kwa upungufu mdogo namna hiyo, upimaji hauna budi kuwa wa makini. Ukingo wa kila kisima cha uchunguzi hupimwa kwanza na msoroveya, ijulikane umeinuka kiasi gani juu ya usawa wa bahari, maana kina kilichosomwa kutoka ukingo usio na kipimo hakilinganishwi na cha kisima kingine, wala hakionyeshi maji yanaelekea wapi. Ndipo huteremshwa utepe wenye ncha iliayo inapogusa maji. Tena matumbawe yamejaa matundu na mapango, hata maji ya kisimani hupanda na kushuka pamoja na bahari, ingawa kwa kuchelewa na kwa nguvu iliyopungua kadiri ufuo ulivyo mbali. Basi aliyepima siku ya bamvua maji yamejaa, kisha akarudi wakati wa maji mafu, atadhani machimbo yamenyonya maji, kumbe ni mwezi uliogeuka. Saa ya kupima na hali ya maji ya bahari huandikwa daftarini pamoja na kima chenyewe, na daftari hilo lafaa lifunguliwe masika na kiangazi vipite kabla ya sururu ya kwanza.

Kuhusu ubora, kipimo cha upitishaji wa umeme hushushwa polepole hadi chini, kwani chumvi huanzia huko, na maji yaliyolala bombani huvutwa yamwagwe kabla ya kuchukua sampuli. Panahitajika kisima upande wa bara, yatokako maji, na vingine upande wa bahari, ili kilichoongezwa na machimbo kitambulikane: mafuta ya mitambo, na nitrati ya baruti. Mwamba wa mapango hauchuji kama mchanga. Mvua ya kwanza huchukua yote yaliyolala sakafuni na kuyapeleka mbali kwa muda mfupi, hivyo sampuli ya kiangazi peke yake haitoshi, na ile ya siku za mwanzo za masika ndiyo iwahusuyo hasa wanywao visima vya jirani.